Giaboksi Iliyofia Kiabakari

ALHAMISI moja, kabla jua halijachomoza, pikapu kuukuu ya rangi ya bluu iliyosheheni magunia ya dagaa ilikuwa ikipanda mwinuko mdogo karibu na Kiabakari, katika barabara kuu itokayo Musoma kwenda Bunda. Dereva alikanyaga klachi, akautoa mkono wa gia katika namba mbili na kuupeleka namba tatu. Mkono ukaingia, ukatoka wenyewe. Akaurudisha, ukatoka tena. Mara ya tatu kikasikika chini ya miguu yake kishindo cha chuma kinachosagika, kisha injini ikawa inaunguruma peke yake bila kulisogeza gari hata hatua moja.

“Imekufa,” alisema dereva.

Mkewe, aliyeketi kando yake na daftari la mauzo mapajani, hakujibu neno. Aliniambia baadaye kwamba hakunyamaza kwa mshtuko. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa mwezi mzima.

Ndugu msomaji, makala haya ni habari ya siku chache ambazo familia hiyo ya Nyasho, mjini Musoma, ilizitumia kuitoa giaboksi iliyokufa na kuiweka nyingine, uani kwao, chini ya mwembe. Wenyewe wameomba majina yao yasiandikwe, nami sikuona sababu ya kuwakatalia, maana baadhi ya maneno yaliyosemwa chini ya gari lile si ya kusomwa na majirani.

Dagaa wa alfajiri ile walihamishiwa katika lori lililokuwa likipita, kwa nauli ambayo iliila faida yote. Pikapu ikarudishwa Musoma kwa kuvutwa na mnyororo. Kabla ya kuvutwa, kijana mmoja wa gereji bubu ya pale Kiabakari alijilaza chini yake akaifungua propela, yaani ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi difu ya nyuma. Bwana mwenye gari alimwona anapoteza muda. Kumbe kijana yule alikuwa na akili kuliko umri wake. Gari la namna hiyo likivutwa huku propela ikiwa mahali pake, magurudumu huizungusha giaboksi kwa nyuma wakati injini haigeuki, na vyuma vya ndani husagana bila kurushiwa oili. Giaboksi iliyovunjika huweza hata kukwama ghafla barabarani na kumtia hatarini anayevutwa.

DAFTARI LA MAMA

Jioni ya siku hiyo mazungumzo ndani ya nyumba yalikuwa machache. Mama alilifungua daftari lake akalisoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa: dizeli, tairi moja la mtumba, oili ya injini, faini, chai ya makuli, betri. Halafu akauliza swali moja. Ni lini ilinunuliwa oili ya giaboksi?

Haikununuliwa. Tangu walinunue gari lile, miaka minne sasa, hakuna aliyewahi kuifungua ile nati ya ubavuni kutazama kama mna oili au hamna. Injini ina kijiti chake cha kupimia, na kila dereva wa Musoma hukichomoa asubuhi, akakifuta kwa kitambaa na kukitazama kwa makini kama daktari. Giaboksi za magari mengi ya aina hii hazina kijiti. Oili yake huvuja taratibu kupitia sili ya nyuma, pale propela inapoingia, inadondoka mchangani na mchanga unaificha.

Hali kadhalika, dalili zilikuwapo. Kwa mwezi mzima gari liliposimama bila gia na injini ikiwaka, ulisikika mlio mwembamba wa kusaga, na mguu ulipokanyaga klachi mlio ule ulikoma. Fundi yeyote angewaambia maana yake. Mlio unaokuja mguu ukiwa juu na kukoma klachi inapokanyagwa, aghalabu ni beringi za shafti za giaboksi zinazolia. Mlio unaoanza pale klachi inapokanyagwa, hiyo ni beringi ya klachi yenyewe. Baba aliusikia mlio ule. Akaongeza sauti ya redio.

“Nilijua nikisema, mama watoto atasimamisha safari,” alinieleza, “na tukisimamisha safari tutalipa nini kikoba?”

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Pesa zilizonunulia mzigo wa mwezi ule mama alikopa kwa wenzake wa kikoba, na marejesho yalikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Wanawake kumi na tisa walimdhamini. Gari likikaa gereji wiki mbili, si gari tu lililokufa, ni jina lake mbele ya wanawake wale. Naye mume alikuwa amejua kwa mwezi mzima.

MZEE WA BUTIAMA

Ijumaa ilimleta mjomba wa mama kutoka Butiama. Kijiji hicho wengi wetu twakifahamu kwa kuwa ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na ndiko alikozikwa mwaka 1999. Lakini kwa familia hii Butiama ni mahali anapoishi mzee mmoja aliyeendesha malori ya umma tangu miaka ya 1970 hadi alipostaafu, na ambaye mifuko ya koti lake haikosi spana namba 14.

Mzee huyu alijifunza udereva katika malori ambayo giaboksi zake hazikumsamehe mtu. Kupandisha gia kulitaka kukanyaga klachi mara mbili: mara ya kwanza kuitoa gia, kisha mguu unaachia kidogo, mara ya pili kuiingiza nyingine, na kama mwendo wa injini haukulingana na mwendo wa magurudumu, kelele zilisikika kijiji kizima. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta magari yenye sinkronaiza, yaani vikombe vidogo, mara nyingi vya shaba, vinavyosugua kingo za gia na kuzilinganisha mwendo kabla meno hayajaumana. Leo pikapu zote tunazoziona zina vikombe hivyo. Vikiisha, au meno yanayoshika gia yakilika, gia huanza kukwaruza, halafu huanza kuruka. Ndivyo ilivyokuwa namba tatu ya gari hili.

Isitoshe, mzee aliiishi ile miaka ya mwanzo ya 1980 ambapo fedha za kigeni zilikuwa adimu na spea hazikuonekana madukani. Beringi moja iliweza kulisimamisha lori miezi mingi. “Wakati ule tulitengeneza kwa sababu hakuna cha kununua,” alisema. “Siku hizi mnanunua kwa sababu hakuna anayetaka kutengeneza.” Hata hivyo, alipoifungua nati ya chini na kuipokea oili katika sufuria kuukuu, yeye mwenyewe hakusita. Ilitoka nusu lita, nyeusi, yenye harufu ya kuungua, na ndani yake vipande vya meno ya chuma vilivyotosha kujaza kijiko. Vumbi laini la shaba katika oili ni uzee wa kawaida. Vipande vya chuma ni msiba. Kuijenga upya giaboksi ya namna hiyo kungetaka mashine ya kukamulia beringi, gia mpya na mtu anayejua vipimo. Mzee akaamua itafutwe nyingine.

Niongeze hapa jambo dogo ambalo mzee alilisisitiza hata nikaliandika mara mbili. Kabla hujaifungua nati ya kutolea oili, ifungue kwanza ile ya ubavuni ya kutilia. Wapo waliomwaga oili yote, kisha nati ya juu ikakataa kufunguka, gari likabaki kavu uani.

Mwenye nyumba alitaka kwenda Bunda siku ile ile, ambako alisikia kuna giaboksi zilizotolewa katika magari yaliyokatwa. Mzee akakataa. Giaboksi mbili zaweza kufanana kwa sura kama mapacha, kumbe moja ina shafti ndefu zaidi au meno mengi zaidi. “Itoe kwanza iliyokufa,” alimwambia mkwewe. “Huendi kununua kiatu mguu umeuacha nyumbani.”

VIDOLE VIWILI

Kazi ilianza Jumamosi asubuhi. Usiku mvua ya ziwani ilinyesha, na mchanga wa uani ulikuwa umelowa. Waya hasi wa betri ulifunguliwa. Magurudumu ya mbele yakawekewa mawe mbele na nyuma, tahadhari ambayo haikuwa ya bure, maana propela ikishatolewa gari haliwezi tena kushikwa na gia, hata ukiiacha namba moja.

Gari likainuliwa kwa jeki. Familia haikuwa na stendi za chuma. Mama alikuwa amekwenda tangu alfajiri kwa mafundi wa mitumbwi kule Mwigobero, akanunua vipande vinne vya mbao nene, kila kimoja kizito kama mtoto wa mwaka mmoja, akavipakia katika bajaji. Bwana alivitazama akasema vitatumika kazi itakapokuwa kubwa. Kwa sasa alitaka kuingia dakika tano tu, kuifungua bracketi inayoshika propela ya mbele katikati ya chasisi.

“Huingii,” alisema mama.

Kwa kawaida, mbele ya wageni na mbele ya mjomba wake, mama yule si mtu wa kumkatalia mumewe. Siku hiyo alisimama kati ya mumewe na gari, akamwamuru kijana wao avisukume vile vipande chini ya chasisi, viwili kila upande. Bwana akaguna, akasubiri, kisha akaingia.

Hata dakika tano hazikutimia. Jeki iliyokuwa imekaa juu ya mchanga uliolowa bila ubao chini yake ilididimia upande mmoja, ikainama, ikateleza. Nililiona gari zima likishuka. Lilishuka vidole viwili, likakaa juu ya mbao za Mwigobero kwa mlio mzito, likatulia.

Hakuna aliyesema kitu. Miguu ya bwana yule ilikuwa nje, kandambili moja imemvuka. Baada ya kitambo ikasikika sauti yake kutoka chini, ya chini sana, ikiomba apewe spana namba 17. Mama aliingia ndani ya nyumba, akakaa huko karibu saa nzima. Aliporudi alileta uji kwa wote, naye mumewe aliupokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo jeki ilikalia ubao mpana, na gurudumu la akiba likalazwa chini ya chasisi kwa nyongeza. Napenda wasomaji wenye magari walitilie maanani jambo hili kuliko jingine lolote katika makala haya. Matofali ya saruji na mawe hayafai kubebea gari, kwa kuwa hupasuka bila kutoa onyo. Jeki kazi yake ni kuinua. Kushikilia ni kazi ya stendi, au ya gogo zima.

KATONI YA BINTI

Kuitoa giaboksi si kazi ya nguvu tu kama vijana wengi wanavyodhani. Mkono wa gia ulifunguliwa ndani ya gari, na tundu likazibwa kwa kitambaa safi ili mchanga usiingie. Stata ilifunguliwa bolti zake. Waya wa spidi na nyaya za taa ya rivasi vikachomolewa. Ile silinda ndogo ya chini inayosukuma klachi ilifunguliwa pamoja na mpira wake bila kukatwa, ikafungwa pembeni kwa waya, na binti wa nyumba, aliye kidato cha pili, akabandika karatasi kwenye usukani: MTU ASIKANYAGE KLACHI. Pedali ikikanyagwa wakati silinda ile inaning’inia, pistoni huchomoka na oili ya klachi humwagika yote.

Binti huyo alifanya jambo lililomfanya mzee avue kofia. Bolti zinazoishika giaboksi kwenye injini hazilingani urefu. Ndefu ikiwekwa mahali pa fupi huweza kupasua chuma. Binti alichukua katoni ya sabuni, akachora umbo la uso wa giaboksi lililo pana kama kengele, akatoboa tundu kila mahali penye bolti. Kila iliyotoka aliichomeka katika tundu lake na kuandika kando: “juu kushoto”, “ya stata”, “yenye waya wa ardhi”. Mafundi wengi huzitia bolti zote katika kopo moja, kisha hutumia nusu siku kuzijaribu kama funguo zilizochanganyika.

Jeki ya pili, ya kuazima, iliwekwa chini ya giaboksi, na jeki nyingine yenye ubao ikaishika injini kwa nyuma isije ikalala. Ule ubao wa chuma unaovuka chasisi na kuibeba giaboksi ukatolewa, mkia ukashushwa kidogo, na hapo spana ndefu ikazifikia bolti mbili za juu ambazo hapo kwanza hazikuonekana wala kuguswa. Mzee na mkwewe walikuwa wamelala chali bega kwa bega. Wenye kuzijua desturi za kwetu watatabasamu, kwa sababu mkwe na mzee wa upande wa mke huheshimiana kwa kuachiana nafasi, hata kwenye jamvi la chakula. Chini ya pikapu hakuna nafasi. Mzee alisema, “Mkwe, nisamehe kiwiko,” na mkwe akajibu, “Shikamoo mzee,” kwa kuwa hakupata neno jingine.

Saa kumi alasiri giaboksi ilivutwa nyuma, sawasawa, bila kuiacha ining’inie kwa shafti yake, ikashushwa. Uzito wake ulizidi kilo arobaini, na watu watatu waliiburura juu ya gunia hadi kivulini.

BUNDA

Jumapili mzee na mkwewe walipanda basi kwenda Bunda, yapata kilomita 70. Katika mfuko wa rambo mzee alibeba vitu viwili: sahani ya klachi ya zamani na kichwa cha propela. Nilifurahishwa na hekima ya jambo hili. Meno ya shafti ya mbele hupimwa kwa sahani ya klachi, ambayo lazima iteleze juu yake bila kukwama na bila kuchezacheza. Meno ya nyuma hupimwa kwa kichwa cha propela. Vyote viwili vikikubali, na urefu na matundu ya bolti vikilingana na kipimo cha kamba walichochukua nyumbani, giaboksi ni ya ukoo mmoja.

Ya kwanza waliyoonyeshwa ilikuwa imeoshwa ikang’aa. Mzee aliishika shafti ya mbele akaitikisa juu na chini, ikacheza. Akaiacha. Ya pili ilikuwa chafu, imeganda matope na oili. Aliigeuza shafti kwa mkono katika kila gia. Katika gia ya nne, ambayo kwa pikapu nyingi huenda moja kwa moja, mzunguko mmoja wa mbele ulitoa mzunguko mmoja wa nyuma. Katika rivasi nyuma iligeuka kinyume. Akaifungua nati, akachovya kidole, akanusa: oili ya zamani, ila haikuungua, na hakukuwa na vipande.

Bei iliyotajwa ilikuwa bei ya ng’ombe wawili wazuri. Ikashuka hadi mmoja na nusu, kwa sharti muuzaji apelekewe ile iliyokufa. Mzee hakuondoka bila risiti yenye jina, tarehe na nambari ya simu. Kadi ya gari huonyesha nambari ya chasisi na ya injini, giaboksi haimo, kwa hiyo karatasi ile ndiyo ushahidi pekee kwamba chuma kile hakikutolewa katika gari la mtu usiku.

Walinunua pia sahani mpya ya klachi, beringi yake, ile beringi ndogo inayokaa katikati ya flaiwili, na sili ya nyuma. Mwenye gari alilalamika kwamba klachi ya zamani ingeweza kwenda miezi sita zaidi. Ni kweli ingekwenda. Lakini kuifikia baadaye kungemaanisha kuirudia kazi yote ya Jumamosi tangu mwanzo.

NAFASI ILIYOKATAA KUZIBA

Jumatatu kila mtu alikuwa na haraka. Mzigo wa dagaa wa Jumanne ulikwisha kulipiwa nusu. Flaiwili ilisafishwa, sahani mpya ikawekwa, na presha pleti ikafungwa kwa kukaza bolti kwa mkingamo, kidogo kidogo. Kabla ya kukaza, sahani lazima isimame katikati kabisa, kwa sababu ncha ya shafti ya giaboksi itapita ndani yake na kuingia katika beringi ndogo ya flaiwili. Kipo kifaa maalumu cha kuiweka sawa. Mzee alichonga chake kwa kijiti cha mpera, akakivingirisha utepe hadi kikajaa tundu.

Saa kumi na moja giaboksi iliinuliwa, ikasukumwa. Ikaingia vizuri, ikasimama. Kati yake na injini ilibaki nafasi ya vidole viwili. Waliitingisha, wakaiweka gia ya nne na kuugeuza mkia wake ili meno yapate njia, wakasukuma kwa mabega. Nafasi haikuziba. Jua lilikuwa linazama upande wa ziwa, mbu wameanza.

Mwenye gari akachukua bolti mbili ndefu. Alitaka kuivuta giaboksi kwa bolti, akaze kushoto na kulia mpaka iingie ipende isipende. Gereji nyingi hufanya hivyo, na mara nyingine huwa bahati. Mara nyingine sikio la giaboksi hukatika, au sahani mpya hupinda, na giaboksi ya bei ya ng’ombe mmoja na nusu huwa chuma chakavu kabla haijatembea hatua moja.

Mzee alimshika mkono. Alijitoa chini ya gari, akakitwaa kile kijiti chake cha mpera, akakisogeza karibu na taa ya simu, kisha mbali, kisha karibu. Tena akakiingiza katika tundu la beringi ya zamani. Kikacheza.

“Kosa ni langu,” alisema. “Miwani niliiacha Butiama.”

Utepe ulikuwa mwembamba. Sahani ilikuwa imelala chini kwa upana usiozidi unene wa ukucha, nao ukucha huo ndio uliokuwa ukiwazuia watu wazima watatu. Niliutazama uso wa mkwewe, nikasubiri maneno. Huyu ni mtu aliyeambiwa maneno mengi kwa siku nne. Aliitazama nyumba, ambamo mkewe alikuwa akipika, akamtazama mzee.

“Tuirudishe nyuma, mzee,” alisema. “Na mimi niliusikia mlio mwezi mzima.”

Waliishusha. Wakalegeza presha pleti, mzee akaongeza utepe duru tatu, na safari hii binti ndiye aliyechungulia na kusema iko katikati. Saa mbili na robo usiku giaboksi iliingia kwa sauti ndogo ya kupiga mate, ikagusa injini pande zote bila bolti hata moja. Mengine yalikwenda haraka, kwa kuwa katoni ya binti ilikuwa ikiwangoja.

Oili ilitiwa kupitia mpira uliopitishwa kutoka juu, gari likiwa limenyooshwa sawasawa, mpaka ikaanza kudondoka kwenye tundu la ubavuni. Ilikuwa ya giaboksi, namba 90, yenye alama ya GL-4 kwenye kopo. Baadhi ya oili za GL-5 zilizokusudiwa difu zina dawa inayoweza kuila shaba ya sinkronaiza, kwa hiyo ni vema kufuata kitabu cha gari kuliko ushauri wa duka. Oili chafu mama aliifungia katika dumu. Mtaro wa mbele ya nyumba ile huteremka hadi ziwani, na watoto wa Nyasho huoga huko. Dumu lilichukuliwa na seremala wa jirani anayepaka nguzo dhidi ya mchwa.

Saa nne usiku walizunguka hadi Bweri na kurudi. Namba moja, mbili. Namba tatu iliingia ikakaa. Hakuna aliyeshangilia, walikuwa wamechoka mno.

Jumanne alfajiri niliomba nafasi nyuma, juu ya magunia, kando ya ile giaboksi iliyokufa ambayo ilikuwa ikipelekwa Bunda kama walivyokubaliana. Mzee aliketi mbele. Tulisimama Kiabakari ili ashuke apande bodaboda ya kwenda Butiama, naye kabla ya kuaga alipiga magoti barabarani, akainamisha kichwa chini ya gari na kumulika. Alipapasa pale penye sili ya nyuma, akakitazama kidole chake kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuwa na miwani. Halafu akamwonyesha mama. Kilikuwa kikavu.

Mama alilifungua daftari, akaandika tarehe, na chini yake: oili ya giaboksi, lita mbili na nusu.